Pingili Saba

Barua iliondoka jana saa tisa alasiri ikiwa na sahihi yangu, na tangu hapo sijatulia. Nimefuta meza ya maabara mara tatu. Nimemgombeza mfagiaji bure, maskini, hata akaniuliza nani kaniudhi.

Barua ilisema kidung'ata aliyekutwa kwenye nyasi za malisho za mdogo wangu ni yule mgeni, yule ambaye kanuni inataka shamba zima lichomwe. Vidung'ata ni wadudu wadogo, weupe kama waliotoka kusaga unga, wanajibanza kwenye shina la nyasi na kunyonya. Kwa macho wote ni wale wale. Basi tunamchemsha mmoja kwenye dawa mpaka ibaki ngozi, tunaitia rangi, tunaibandika kwenye kioo, kisha tunahesabu pingili za kipapasio, ule unywele wa kichwani anaopapasia. Wa kwetu ana tisa, mgeni saba. Nilihesabu saba, nikaandika. Mwenzangu aliomba aangalie naye, kwa kuwa shamba ni la ndugu yangu. Nikamwakia: kwani mimi wa kupendelea ndugu?

Leo asubuhi nikakirudisha kile kioo kwenye hadubini, kutuliza roho tu. Saba. Nikashuka chini ya tumbo, ambako jana kwa haraka zangu sikufika. Jike lililokomaa lina tundu la kutagia mayai hapo. Nikatafuta, nikasogeza lenzi, nikatafuta tena. Halipo.

Yule alikuwa mtoto, bado hajajivua ngozi ya mwisho, na watoto wa kwetu wana pingili saba, wa mgeni sita. Hilo wanafunzi hufundishwa wiki ya kwanza, na anayewafundisha ni mimi.

Nikampigia mdogo wangu.

"Dada! Nilikuwa nataka kukupigia. Shemeji yako hakuwangoja watu wa ofisi ya kilimo, kachoma mwenyewe alfajiri. Anasema dada akishasema, kasema."

"Lote?"

"Lote. Sasa jirani naye kawaona wadudu hao hao kwake. Yuko hapa na kiberiti mkononi, anangoja neno lako tu. Achome?"

Ningeweza kusema bado tunachunguza. Ni jibu la kitaalamu, halina doa, na lingeninunulia siku mbili tatu za kujipanga. Niliona haya kwamba hilo ndilo lililonijia kwanza.

"Asichome," nilisema. "Mdogo wangu, nimekosea. Wadudu wako walikuwa wa kawaida. Shamba lako halikuwa la kuchomwa."

Nilimsikia akimwambia jirani aache, kwa sauti ya chini, kisha akitembea, mlango ukifunguliwa.

"Mimi siwezi kumwambia, dada," alisema aliporudi kwenye simu. "Huyu hapa, mwambie mwenyewe."

"Shemeji!" sauti ya mume wake ikaingia, imechangamka. "Umeona nilivyowahi?"