Bega la Ikupa na Bwana wa Bima

Kwao Ikupa, mtu hata akiwa hoi kitandani, ukimjulia hali atakujibu hajambo. Kisha mtaulizana ya watoto, ya mvua na ya shamba, na ukishakaa sawasawa ndipo atakwambia kwamba tangu juzi hajala. Kutanguliza ugonjwa ni kukosa adabu.

Sasa bwana wa kampuni ya bima angeyajulia wapi hayo? Alipiga simu nyumbani kwao Champlin, huko Marekani, Januari ile, siku moja baada ya Vedasto, mumewe Ikupa, kuteleza na gari, Ikupa akiwa kando yake, kwenye barafu pale kwenye maduka ya Roseville na kuikumbatia nguzo ya taa. Akauliza, "U hali gani, mama?" Ikupa, bega likimwaka moto, akajibu kwamba hajambo, anashukuru. Akangoja aulizwe habari za nyumbani. Bwana yule naye akashukuru, akakata simu.

"Hawa watu!" Ikupa akasema, simu bado iko mkononi. "Hata ya watoto hakuuliza!"

Ikawa ndiyo hivyo. Kila asubuhi Vedasto alimuuliza ameamkaje, naye akajibu salama, maana angesemaje? Mwanamume yule alijivunia udereva wake kupita kiasi, na kila mgeni alisimuliwa jinsi Wamarekani walivyosimika nguzo mahali pa kijinga. Na kudai bima, Ikupa aliamini, ni kumshtaki mumewe. Basi akaugulia moyoni, akijifunga kitambaa cha kichwa kwa mkono mmoja na meno, mpaka Julai.

Siku moja mwezi huo, kazini kwake hospitalini Coon Rapids, alishindwa kumgeuza mgonjwa. Jeptoo, nesi Mkenya, alimvuta kando akambonyeza bega. Ikupa almanusura apande ukutani.

"Ulipata accident lini?"

"Januari, tarehe kama ya leo. Lakini sijambo."

"Wacha hiyo sijambo yako! Hii Minnesota ni no-fault. Haijalishi nani aligonga nini, insurance yenu wenyewe ina-cover matibabu. Hakuna mtu anashtakiwa. Lakini lazima uwa-notify, uwaambie umeumia. Yangu ilinipa miezi sita tu, na yako haiwezi kuwa tofauti. Ikipita leo, utajikanda na maji moto mpaka uzeeke!"

Zamu ilipoisha Jeptoo alimwendesha mbio hadi nyumbani, akapiga simu mwenyewe, akamsukumia Ikupa mkononi.

"U hali gani leo?" mama wa bima akauliza.

"Sijambo, nashuku—"

Jeptoo akamfinya. Alimfinya mkono ule mzima, Mungu ni mwema.

"Si mzima," Ikupa akasema, aibu imemjaa kana kwamba amemtukana mkwewe. Lakini akishaanza, nani wa kumzuia? Akaeleza kwamba halalii upande ule. Kwamba hawezi kuchana nywele. Kwamba huoga na maji yakitiririka ili asisikike akilia. Alipoinua macho, Vedasto alikuwa amesimama mlangoni na galoni ya maziwa.

Vedasto aliiweka galoni chini, akaichukua simu.

"Andika kwamba kosa ni langu," akasema.

"Bwana, bima hii haiulizi kosa ni la nani."

"Nimekwambia andika! Nilikuwa naenda mbio."

"Hakuna mahali pa kuandika hilo," mama akasema kwa upole. "Taarifa ya mkeo tumeipokea, na imewahi. Ampigie daktari kesho."

Simu ikakatika. Jeptoo ghafla akakumbuka kwamba gari lake ameliegesha vibaya, akatoka. Vedasto alisimama pale, mtu mzima asiyejua mikono aiweke wapi.

"Basi nakwambia wewe," akasema. "Siku ile uliniambia nipunguze mwendo. Nilikusikia, Ikupa."

Ikupa akaketi kwenye kochi, akalia kwa sauti, na mumewe akaketi kando yake.