Petroli ya Salfa na Kombe la Dunia

Kombe la Dunia huchezwa Juni. Mume wangu Gervas anaijua historia yake yote, lakini hili moja hakuliona mpaka nilipomwonyesha mimi: Juni ndiyo mwezi wetu wa kupuliza salfa. Mwaka huu wa 2002 linachezwa Korea na Japani, na nasikia mechi zitaonyeshwa kwetu kuanzia asubuhi. Kwa hiyo naandika mapema, akina mama wenzangu wenye mikorosho, yasije yakawakuta yaliyotukuta mwaka tisini na nane.

Wakati ule biashara ilikuwa imeachiwa huru na kila mtu alikuja na lake. Elineema, Mpare aliyekuja kununua korosho, alileta dishi, televisheni na jenereta, akazungushia makuti nyuma ya duka lake hapa kijijini, nje kidogo ya Newala. Ili watu wawahi kuingia, alimpa mume wangu kiti cha mbele awasimulie historia kabla ya mpira kuanza.

Gervas alisimama pale kama katekista. Alieleza jinsi Urugwai walivyolichukua kombe la kwanza nyumbani kwao, mwaka thelathini. Akaeleza vita vilivyozuia kombe lisichezwe mpaka mwaka hamsini. Akaja kwenye kombe lililoibwa Uingereza, likagunduliwa na mbwa.

"Mbwa wa polisi?" mtu akauliza.

"Wa kawaida tu, alikuwa anatembezwa na mwenyewe."

"Angekuwa wa hapa angelikojolea, akaendelea na safari."

Sikatai, anasimulia vizuri. Ila mimi moyo wangu ulikuwa kwenye maua. Winfrida wetu alikuwa darasa la saba, na cha kumpeleka sekondari kilikuwa korosho, hakuna kingine. Maua yalikuwa yameanza kutoka, na baridi ya Juni ndiyo inayoleta ubwiri unga, ule ugonjwa mweupe kama majivu unaokausha ua kabla halijafunga tunda. Dawa yake ni salfa. Nayo hupulizwa alfajiri, umande ungali juu ya majani na upepo umelala. Mashine ya kupulizia ilikuwa moja kwa kikundi chetu chote cha wakulima, tukipokezana. Zamu yetu iliangukia Jumapili. Petroli yake, iliyochanganywa na oili, ilikuwa kwenye dumu nyumbani kwangu, na nyingine haikuwepo Newala nzima siku zile.

Jumamosi alasiri Naijeria walicheza na Spania. Nikaenda kumwita Gervas aje tubebe mfuko wa salfa hadi shambani kabla ya giza. Kabla sijafika nikaona moshi unapanda juu ya makuti. Ndani wanaume wanakohoa, televisheni imekufa, Elineema ameinamia jenereta, na dumu langu limelala pembeni, tupu.

Fakihi, kijana wa kikundi anayebeba mashine mgongoni, ndiye aliyeniona kwanza.

"Shikamoo, Mama Winfrida."

"Marahaba. Dumu limefuata nini huku?"

Akamtazama Gervas. Gervas akasafisha koo.

"Mama Winfrida, mafuta ya jenereta yaliisha Spania wakiongoza mbili kwa moja. Afrika nzima ilikuwa inatutegemea."

"Hiyo Afrika nzima ina mikorosho mingapi?"

Watu wakacheka. Elineema hakucheka. "Mimi sikuambiwa kama ina oili, mama. Plagi imeziba kabisa."

Tukiwa bado tunatazamana, redio ya jirani ikapiga kelele: Naijeria wamesawazisha. Haukupita muda wakapata la tatu. Wanaume wakarukaruka ndani ya moshi, wamekumbatiana mbele ya kioo cheusi. Basi mtu aliyewasimulia makombe yote tangu Urugwai, bao la ushindi hakuliona.

Jumapili kulipokucha nikaenda shambani. Mikorosho ya bondeni ilikuwa imeshaanza kupata unga kwenye maua. Sikurudi nyumbani. Nikaenda moja kwa moja kwa Elineema, nikamkuta anapiga mswaki.

"Baba, wewe umekuja huku kununua nini?"

"Korosho, mama."

"Na hizo korosho zinaota kwenye televisheni?"

Akatema povu. "Mimi sikulichukua lile dumu. Nililetewa."

"Umeletewa la kikundi kizima, ukalimimina. Pikapu yako inakunywa dizeli, haina udhuru. Nenda Masasi ukalete petroli."

"Leo kuna mechi."

"Na jenereta imeziba. Utaangalia nini?"

Alikwenda, na Gervas nikampandisha nyuma, amekumbatia dumu. Misa ya siku ile ilimpita, na mpira pia.

Walirudi jua limeshainama. Gervas, kwa aibu, akataka kupuliza saa ileile.

"Kwa upepo huu?" nikamwambia. "Utampulizia jirani. Atavuna yeye, aje akushukuru."

Tukangoja. Jumatatu alfajiri Fakihi alibeba mashine, Gervas akabeba mfuko, mimi nikatangulia kuwaonyesha miti ya kuanzia. Ya juu ilipona. Ya bondeni maua yalikauka yakawa meusi, na msimu ule haikutupa kitu.

Winfrida alifaulu, akaenda sekondari. Lakini alikwenda bila godoro, akalala muhula mzima kitanda kimoja na mwenzake. Barua zake za mwanzo zilinitoa machozi, ingawa yeye mwenyewe aliandika kwamba wanacheka sana usiku. Mtoto huficha. Mama huona.

Kikundi kilikaa kikaamua dumu la petroli liendelee kukaa kwangu, lakini sasa chini ya kitanda, na lisitoke bila mimi kusema.

"Na mumeo akiliomba?" Fakihi akauliza.

"Mume wangu analala juu yake. Inamtosha."

Kwa hiyo, wenzangu, msiwakataze wanaume mpira, mtapoteza nguvu bure. Salfa hupulizwa alfajiri, na mechi ya mapema kabisa, nimeshauliza, ni saa tatu na nusu. Nafasi ipo. Wapulize kwanza, waoge, waende. Ila mafuta ya mashine yasikae mahali mwanaume anapoweza kuyafikia Afrika ikiwa nyuma kwa bao moja.

Juzi Elineema alipita kunisalimia. Ana jenereta mpya. Tukazungumza mvua, tukazungumza bei, mwisho akaulizia hali ya dumu. Nikamwambia halijambo, na wageni halipokei.