Moshi wa Shafamo

Siku Zenebech Hankamo alipotia saini kwamba kahawa ya Amarech ina moshi, moshi huo aliusikia kweli mdomoni. Hilo ndilo lililokuja kumkera kuliko yote. Kama angekuwa amedanganya kwa woga, angalau angejua kosa lake linaitwaje.

Alikuwa mwonjaji wa kahawa katika chama kimoja cha wakulima huko Sidama, mwaka wa nane sasa, na watu waliusifu ulimi wake. Mezani walikuwa watatu: yeye, kijana aitwaye Tariku, na mkuu wao Matewos, mtu mzima aliyeanza kuonja kahawa wao hawajazaliwa. Wote walimwita Gashe, kama aitwavyo mwanamume wa kuheshimiwa. Hakuwa mla rushwa wala mtu wa makelele. Desturi ya meza ilikuwa kwamba Gashe aseme kwanza, kisha wenzake waandike.

Amarech alikuwa mjane wa kijiji cha Shafamo. Miaka kumi na miwili nyuma, katika msimu wa mvua isiyokatika, watu wa kijiji hicho walikausha buni jikoni juu ya mafiga, na kahawa yao yote ikanuka. Ulikuwa msimu mmoja tu, lakini uliwaganda. Tangu hapo kila gunia la Shafamo lilipelekwa moja kwa moja kwenye lundo la daraja la tatu. Amarech alichoshwa na jambo hilo. Mwaka huo alichuma matunda mekundu tu, akajenga vitanda vya mianzi vya kuanikia mbali na nyumba, na kwa siku ishirini na moja akageuza buni kwa mikono, akizifunika kila wingu lilipotishia. Akaomba kahawa yake ionjwe peke yake. Akaja nayo mwenyewe, akaketi kwenye benchi nje ya dirisha kusubiri.

Gashe alisoma jina la kijiji kwenye sinia. Akavuta kijiko kimoja kwa sauti, akatema.

"Moshi," alisema.

Tariku akadakia kwamba upo, tena mwingi. Zenebech alikuwa na kijiko chake mdomoni. Alikuwa amepata ndimu, na nyuma ya ndimu utamu kama wa asali mbichi, akashangaa. Akachota kijiko cha pili, akautafuta moshi, akaupata, mwembamba, chini ya ulimi. Akaandika kama walivyoandika wenzake.

Amarech alipopewa jibu, aliomba kikombe. Akanywa kahawa yake yote taratibu, akauliza huo moshi ni wa jiko la nani. Gashe akamjibu kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma.

"Mama, ulimi wako umezoea ya nyumbani. Si kosa lako."

Magunia yake manne yalimwagwa kwenye lundo, yakachanganywa na buni zilizooza nusu, na mwisho wa juma lori likayachukua.

Zenebech angesahau, kama alivyosahau mengine. Lakini siku tatu baadaye, akipanga makopo ya sampuli, alikuta kopo la Amarech bado lina buni. Wenzake walikuwa wamekwenda kula. Akakaanga konzi moja, akasaga, akamimina maji. Mara ya kwanza akapata ndimu. Mara ya pili ndimu na asali. Akanywa vikombe vitano akiusaka ule moshi kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha, asiuone. Alijiuliza ni magunia mangapi ya Shafamo aliyoyatia saini kwa miaka minane, na ni watoto wa nani waliokaa bila karo kwa sababu ya ulimi wake unaosifiwa.

Kesho yake asubuhi aliweka kahawa ileile mezani na kubandika kwenye sinia jina la Hebano, kijiji cha mlimani ambacho kahawa yake hutafutwa na wageni. Gashe alionja, akafumba macho, akaonja tena. Akasema ni ua la yasmini, na ndimu iliyo safi kabisa, na kwamba Hebano hawajawahi kumwangusha. Tariku akaongeza kwamba na asali pia ipo.

Zenebech akang'oa karatasi. Chini yake lilikuwa jina la Amarech Dukale wa Shafamo.

Gashe aliweka kijiko chini, akasema, "Umenitega, binti yangu."

"Nimekupa kahawa, Gashe. Jina ndilo lililokutega."

"Kukaanga kunabadilisha mambo. Maji pia. Wewe mwenyewe ulitia saini."

"Nilitia. Na niliusikia moshi, nakuapia. Ndiyo maana sina usingizi. Wewe unalala vipi?"

Gashe akavuta sinia iliyofuata. Zenebech akamgeukia Tariku, akamwomba waandike barua pamoja kwa viongozi wa chama. Tariku alitazama viatu vyake na kusema ana watoto wawili, na kwamba mtu akisema moshi mbele yako unasikia moshi, ndivyo binadamu walivyo. Zenebech alimwambia kwamba ndivyo walivyo kwa sababu kila anayejua anatazama viatu. Akaandika barua peke yake.

Viongozi walikubali upesi kuliko alivyotarajia. Tangu mwezi uliofuata masinia yaliwekewa namba badala ya majina, na kila mwonjaji aliandika kabla mwenziwe hajafungua mdomo. Aliyeteuliwa kuwafundisha waonjaji wa vyama vingine utaratibu huo mpya alikuwa Gashe Matewos. Zenebech alimsikia akiwaeleza wageni, kwa sauti ileile ya upole, jinsi yeye alivyogundua zamani kwamba jina humdanganya mwonjaji. Yeye Zenebech alihamishiwa ghalani kuhesabu magunia, kwa kuwa, aliambiwa, meza inahitaji watu wanaoelewana. Kahawa ya Amarech hakuna aliyeitaja.

Zenebech alipanda kwenda Shafamo siku ya Jumapili. Amarech alikuwa shambani na panga. Nusu ya mibuni alikuwa ameshaikata na kupanda miraa mahali pake. Zenebech alimweleza yote bila kujipunguzia kitu. Mjane alimsikiliza hadi mwisho, panga bado mkononi.

"Ulimi ulikuwa mdomoni mwako," alisema. "Mbona ukasema kwa ulimi wa mwenzio?"

Zenebech akaomba radhi. Amarech akasema radhi ya huku shambani anaisikia yeye na ndege. Kama ni ya kweli, akaisemee kanisani watu watakapotoka.

Wakashuka pamoja. Mbele ya kanisa Zenebech alisimama, na mbele ya watu kama mia alisema kwamba kahawa ya Shafamo ni safi, kwamba waonjaji walilionja jina badala ya kahawa, na kwamba yeye alikuwa mmoja wao. Alitarajia watu wakasirike. Alikuwa tayari hata kwa matusi. Badala yake mwanamume mmoja mwenye mvi akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya mtu anayesuluhisha ugomvi:

"Lakini dada, moshi si upo? Sisi wenyewe tunausikia. Mimi kahawa ya nyumbani kwangu nainywa kwa sukari kuuficha."

Wengine wakaitikia. Mama mmoja akasema hata wanawe husema hivyo, na wadogo hao walizaliwa mvua ile ikiwa imeshapita. Waliyasema hayo bila uchungu, kama watu wanaozungumzia rangi ya udongo wao.

Hapo ndipo hasira ilipompanda Zenebech hadi machozi. Aligeuka kumtafuta Amarech, aliyesimama pembeni amekunja mikono.

"Unaona sasa," mjane alisema. "Ninyi mezani mlikuwa watatu tu. Mimi nimekaa nao hawa miaka kumi na miwili."

Akamshika mkono, si kwa upendo bado, akamvuta kuelekea nyumbani. Alisema kuna mibuni mia na arobaini ambayo panga halijaifikia, na mtu anayelia ana mikono miwili ya kujenga upya vitanda vya kuanikia alivyokuwa amevivunja.