Turubai la Likawage

Warda Pazi alikuwa na tabasamu la nyumbani na tabasamu la kazini, na tangu apewe uongozi wa wauza maturubai wa Kilwa, lile la nyumbani lilikuwa halionekani. Kwenye semina ya Lindi walimwambia muuzaji hanuni, naye akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Mama yake alipofariki mwaka jana, siku ya nne tu Warda alikuwa sokoni Masoko, meno nje, akimweleza mkulima jinsi ufuta unavyoingia mchanga ukianikwa chini na unavyobaki safi juu ya turubai. Watu wakamsifu kwa ujasiri wake. Hakuna aliyemuuliza kama amekula.

Katika timu yake ya watu watano alikuwemo Ambrosi, na Ambrosi alikuwa mtihani. Akipiga hodi kwa mtu ataulizia watoto, mbuzi, mguu wa bibi uliokuwa unauma, kisha ataaga na kuondoka bila kulitaja turubai. Miezi miwili hakuuza hata moja. Bosi wao, Yasini, akaandika barua ya kumwachisha kazi na kumkabidhi Warda.

"Mfuate huko Likawage," alisema. "Kama ameuza hata moja, ichane. Kama hajauza, mpe."

Basi Warda akapanda basi hadi Kiranjeranje, kisha bodaboda, barua ikiwa kwenye mkoba, roho ikimuuma. Alimpenda Ambrosi, ndiyo tabu yenyewe. Njia nzima alimwomba Mungu akute lau turubai moja limepata mwenyewe.

Alipoingia kijijini, moyo ukamruka. Pale uwanjani, ubavuni mwa nyumba moja, turubai la bluu la kampuni lilikuwa limefungwa juu ya miti minne, na chini yake watu wamejaa, wazee kwa vijana. Ambrosi amekusanya wateja! Warda hakungoja hata pikipiki izimwe. Akashuka, akapiga makofi juu ya kichwa, akalitoa lile tabasamu lote.

"Likawage hoyee! Wateja wangu, mpo?"

Macho yote yakamgeukia, kisha taratibu yakashuka chini. Ndipo alipowaona akina mama waliojifunga kanga viunoni, wamekaa mkekani, na katikati yao bibi mmoja mwembamba aliyeegemea ukuta kama mtu aliyechoka kusimama milele. Warda alitamani ardhi impasukie.

Ambrosi alitokea nyuma ya nyumba na ndoo mbili za maji. Akazitua. Yule Ambrosi asiyeweza kulitaja turubai mbele ya mtu mmoja, akasema mbele ya watu wote, kwa sauti ya kutosha:

"Msamehe jamani. Huyu ni dada yangu wa kazini, ametoka Masoko. Mzee Leonard tumemzika juzi, na huku hakuna mtandao. Hakuwa na taarifa."

Kisha akamshika Warda mkono na kumpeleka kwa mjane, Bibi Emerensiana. Warda akapiga magoti.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe. Nimekosa sana."

"Marahaba, mwanangu. Hujakosa." Bibi akamtazama, na mdomo wake ukacheza kidogo. "Leonard angekupenda. Naye alikuwa na kelele hivyo hivyo."

Mama mmoja akacheka, akaziba mdomo. Bibi naye akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Warda alitafuta lile tabasamu la kazini akalikosa. Kilichokuja ni kilio cha mwaka mzima, kilio cha mama yake, kikamtoka chote kifuani mwa mjane wa mtu asiyewahi kumwona. Na mjane, badala ya kubembelezwa, ndiye aliyebembeleza.

Alipotulia alibaki kwenye mkeka, akimtazama Ambrosi akienda na ndoo na kurudi. Kwao Masoko pia, siku zile tatu za msiba, maji hayakukatika. Hakuwahi kujiuliza nani aliyachota.

Jioni walipokuwa wakiaga, mzee mmoja akamvuta Ambrosi pembeni. "Hili la bluu, mvua ya jana halikuvuja hata tone. Unayo mengine?" Warda akafungua mdomo kuanza maelezo, lakini Ambrosi alikwishajibu: "Nitarudi, babu. Kwanza tumalize msiba." Mzee akaitikia kwa kichwa. Turubai wakaliacha pale pale.

Njiani, pikipiki ikienda polepole kwa sababu ya utelezi, Warda alimuuliza, "Ambrosi, kwetu pia maji ulichota wewe?"

"Kamba ya kisima chenu ni fupi mno, dada Warda. Muirefushe."

Karibu na Kiranjeranje mtandao ukarudi, na simu ya Yasini ikaingia papo hapo.

"Vipi Likawage? Ameuza?"

"Hajauza, bosi."

"Barua umempa?"

Warda alimtazama Ambrosi, suruali imelowa maji mpaka magotini.

"Sijampa. Nimemkuta na ndoo mikononi. Tumefiwa."

Hata bosi ana mama, na neno hilo halina jibu ila moja.

"Innalillahi. Poleni sana. Mmefiwa na nani?"

"Mzee Leonard. Ndugu yetu."

"Ndugu yenu wewe na Ambrosi?"

"Ndiyo, bosi," alisema Warda, na hakuwa anadanganya. "Ambrosi atarudi Likawage wiki ijayo, nami nitakwenda naye. Ile barua nitaichana mwenyewe, na kama kuna wa kuulizwa, niulize mimi."

Yasini akashusha pumzi ndefu. "Haya. Mpe pole yake."

Warda akaiondoa simu sikioni. "Bosi anakupa pole."

"Mwambie tumeshapoa," alisema Ambrosi.