Mtoto wa Dada Mbele ya Mashine

Mimi Libérate siogopi tsotsi mwenye kisu, siogopi hata wale mama wa sokoni Isipingo, hapa Durban, wanaonisukumia meza kila asubuhi. Lakini hiyo mashine ya kukamata uongo, eish, ilinikosesha raha wiki nzima.

Binti yangu Lyse alikuwa ameomba kazi kwa polisi wa jiji. Mbio alishinda, mtihani wa kuandika alishinda. Mwaka huo, 2013, ikabaki mashine: unafungwa mikanda kifuani, vidole vinabanwa, unaulizwa maswali. Ukidanganya, moyo wako mwenyewe unakuchongea.

Na mimi nilikuwa na uongo wangu. Lyse sikumzaa. Ni mtoto wa dada yangu Joséphine, aliyeuawa tulipokuwa tunakimbia Burundi. Nilimbeba ana miezi minane, nikamlea kambini Kigoma, nikafika naye Durban. Kwenye ofisi ya wakimbizi karatasi ikauliza: umemzaa wewe? Nikaweka alama ya ndiyo. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, basi. Kwa karatasi hiyo akaja kupata kitambulisho cha Afrika Kusini, na bila kitambulisho polisi hawakutazami hata usoni.

Yeye mwenyewe nilikuwa sijamwambia.

Gosbert, jirani yetu Mtanzania anayeendesha malori Clairwood, mjuaji wa kila kitu, akanitisha: "Dada, ile mashine inasoma mpaka damu! Mtoto aweke msumari kwenye kiatu, kila swali aukanyage, maumivu yaichanganye mashine." Mjinga mimi, nikaamini. Siku moja kabla ya mtihani wa mashine nilimwita Lyse jikoni nikiwa nakata lengalenga, mchicha wetu, nikamtolea yote, na msumari nikauweka mezani.

Hakulia. Alichukua kisu mkononi mwangu akaendelea kukata. "Mama, najua tangu nina miaka kumi na miwili. Ulikuwa unamwambia mama mchungaji, ukadhani nimelala."

"Na ukanyamaza?"

"Nilijua ukiwa tayari utaniambia."

Hasira zikanipanda. Miaka yote hiyo nimebeba mzigo, kumbe mwenzangu ananitazama tu! "Basi kesho nyamaza hivyo hivyo," nikafoka. "Wakijua watakunyang'anya kitambulisho. Kazi hakuna, nchi hakuna!"

Akanisogezea msumari wangu. "Polisi anayeanza kazi na msumari kwenye kiatu, mama, atamkamata nani?"

Kesho yake nilimngoja nje, Biblia mkononi, saa tatu nzima. Alipotoka akanieleza. Kumbe kabla ya kukufunga mikanda, mpimaji anakusomea maswali yote. Swali la nne: umewahi kutumia karatasi yenye maelezo ya uongo? Lyse akamsimamisha hapo hapo. Akamwambia habari za Joséphine, za kambi, za ile alama ya ndiyo. "Mama aliandika, lakini mimi nilijua na nikaitumia." Mpimaji akajaza kurasa mbili, akasema lazima zifike kwa wakubwa. Kisha akageuza swali: ukiacha haya uliyonieleza, kuna uongo mwingine? Lyse akajibu hakuna.

"Umetumaliza," nikamwambia. Lakini rohoni nilikuwa nastaajabu. Mtoto huyu ana ujasiri ambao mimi, niliyevuka mipaka minne kwa miguu na malori, sijawahi kuwa nao.

Tulingoja wiki sita. Simu ikilia, namsukumia Lyse aipokee. Mwishowe nikaitwa kula kiapo upya, karatasi ikarekebishwa, kitambulisho akabaki nacho, na kazi wakampa. Mwingine angeruka kwa furaha. Mimi nilisoma ile karatasi mpya na neno moja likanichoma: mlezi. Miaka ishirini, halafu mlezi!

Asubuhi ya kwanza ya mafunzo, Lyse akivaa sare, akaniona nimenuna.

"Kuna swali sikukuambia," akasema. "La kwanza kabisa. Aliliandika kabla sijamweleza, halafu akataka kulifuta. Nikamwomba aliache."

"Swali gani?"

"Libérate ni mama yako?"

"Ukasema nini?"

"Nikasema ndiyo. Mashine haikutikisika, mama. Mpimaji mwenyewe alinionyesha."

Nikamwambia afunge vifungo vizuri, polisi gani anatoka nyumbani kola imekaa upande. Kisha nikamfungia mwenyewe, kimoja kimoja.