Raba za Mwanasha

"Mwambie uongo," Hasina alisema. "Uongo mmoja tu, kaka. Wewe atakuamini."

Chirau hakuinua kichwa. Alikuwa amebana kiatu cha mteja katikati ya magoti, soli juu, na sindano imezama nusu. Aliivuta, uzi ukafuata, akaukaza, akatoboa tena. Kibanda chake kipo Kombani, mabati machache na turubai, karibu na njia ya kupandia Kwale, na watu hupenda kukaa hapo hata kama hawana kiatu cha kushonwa. Fundi mwenyewe hasemi sana. Mtu akitaka kujisikiliza mwenyewe akizungumza, hakuna pahali pazuri zaidi ya hapo.

Hasina hakuja kujisikiliza. Alikuwa amemwachia jirani karai lake la mihogo, na mtu anayeuza mihogo ya kukaanga haachi karai asubuhi kwa jambo dogo.

"Uongo gani?" Chirau akauliza.

"Mambo ya jeshi unayajua wewe. Mwambie ale kitu kitakachomharibia tumbo. Mwambie avae kisichofaa. Akishindwa mbio za makurutu pale uwanjani atalia, atanuna, kisha atarudi kwangu, nami nitampikia wali wa nazi mpaka asahau."

"Anaweza kushindwa mwenyewe."

"Mwanasha? Huyo hupanda mbio mpaka Kwale na kurudi kabla sijawasha jiko." Hasina akaketi kwenye benchi la wateja, akajifunga leso upya ingawa haikuwa imelegea. "Baba yake nimempigia simu huko Majoreni. Unajua alilosema? Muulizeni mjomba wake."

Hilo halikumshangaza yeyote. Kwa Wadigo wa rika la Hasina, mtoto wa dada ana baba yake, naam, lakini neno la mwisho kwenye safari kubwa ni la mjomba. Shemeji wa Majoreni alikuwa na mke mwingine na watoto wengine wa kumshughulisha, na desturi ilimfaa sana siku hiyo.

"Mkatalie basi," Hasina akaendelea. "Lakini najua hutamkatalia. Wewe hukatai kitu wala hutaki kitu. Ndiyo maana nakuomba hili dogo."

"Wengine hurudi wazima, Hasina."

"Wewe ulirudi mzima. Mikono miwili, miguu miwili, watu wakaja kunipongeza." Sauti yake haikupanda. "Niliwapa kaka yangu, wakanirudishia mtu wa kukaa kwenye benchi. Sasa wanataka na binti yangu."

Chirau aliyasikia maneno hayo vizuri. Alijua kwamba ni maneno ya kumuuma mtu, akangoja yamuume. Alitazama kidole gumba chake. Sindano ilikuwa imekichoma, tone la damu limekaa juu ya ngozi ya kiatu cha watu, na hata hilo aliligundua kwa macho tu. Akalifuta kwa kitambaa chenye rangi nyeusi ili lisionekane.

Alikuwa hivyo tangu aliporudi kutoka ng'ambo ya mpaka, alikokuwa askari wa miguu, kwenye barabara ambayo lori la mbele yake lilirushwa juu likiwa na rafiki yake Jefwa ndani. Hakuwa mkali, hakunywa, hakupiga kelele usingizini kama watu walivyotarajia. Mama yao alipofariki alishika jembe akachimba kaburi pamoja na wenzake, akamwaga mchanga wake, akaitikia dua, kisha akarudi Kombani kumalizia ndala ya mtu. Watu walisema ana subira. Hasina peke yake ndiye aliyemtazama siku ile akaogopa.

"Raba zake ziko hapa," Chirau akasema baadaye. "Kisigino kimelika. Jioni anazijia."

Hasina akamtazama, akaelewa, akainuka kurudi kwenye karai lake bila kuaga.

Fundi anapotia kiraka cha mpira wa tairi kwenye kisigino, hushona kwanza, kisha hupigilia misumari midogo ili kiraka kisilegee kwenye kokoto. Ncha za misumari hutokea ndani. Kwa hiyo hukiweka kiatu juu ya chuma na kuzigonga moja moja mpaka zipinde na kulala. Mtoto anayejifunza kazi hii huambiwa hilo kabla ya kuonyeshwa jinsi ya kushika nyundo. Chirau alizigonga ncha za raba ya kushoto, zote zikalala. Alizigonga za raba ya kulia, akaacha moja. Akapaka gundi, akarudisha soli ya ndani juu yake, akabonyeza kwa kidole. Hakuna kilichoonekana. Mtu angeivaa, angetembea nayo sokoni, asijue. Ni mbio za kweli ndizo zingeisukuma ncha ile ipenye.

Hakufanya hivyo kwa chuki, wala kwa huruma, wala kwa kumtii dada yake. Mkono uliacha msumari mmoja, yeye akauona mkono ukiuacha.

Mwanasha alikuja baada ya alasiri, buibui limekunjwa mkononi, suruali ya mazoezi ikionekana chini ya dera.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Keti."

Aliketi. Alikuwa msichana mrefu mwenye maswali mengi, na maswali hayo aliyapanga kichwani njiani, akaanza kuyatoa moja baada ya jingine. Watakagua nini? Watauliza nini? Wenzake walisema wanaokimbia mbele kabisa huchaguliwa kwanza, ni kweli?

Hapo ndipo Chirau alipozungumza zaidi kuliko alivyozungumza mwaka mzima. Mambo ya miguu hayakumpa tabu, yalikuwa yamekaa ndani yake kama Fatiha.

"Kucha zikate leo, si siku yenyewe, na uzikate mstari mnyoofu. Ukizizungusha pembeni zitakuingia nyamani. Soksi nyembamba ndani, nzito juu yake, zisuguane zenyewe, zikuache wewe. Lengelenge likitoka usilipasue. Tia sindano safi yenye uzi, uache uzi humo maji yatoke."

"Na mbio?"

"Kaa katikati. Wa mbele anakumbukwa, wa nyuma anakumbukwa, na jeshini kukumbukwa si bahati. Meno watakukagua kama mbuzi wa mnadani, usicheke. Ukipewa chakula kula, hata kama hukijui jina. Wakiuliza nani anaweza kuimba, nyamaza. Mimi niliimba, nikafua soksi za watu mpaka nikaisahau sauti yangu."

Mwanasha akacheka. Chirau akangoja amalize.

"Na maumivu?" binti akauliza. "Hilo ndilo naliogopa, mjomba. Sijawahi kumwambia mama."

Chirau akazitazama raba zilizokuwa kwenye mapaja yake.

"Yatakuita. Usiyaitikie. Yachukulie kama mtu anayepiga kelele barabarani akiita jina lisilokuwa lako. Wewe unapita. Ukipita mara nyingi, yataacha kukuita."

"Yakishaacha, siku ukiyataka hurudi?"

Lilikuwa swali zuri, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Chirau akamkabidhi raba.

"Usikimbie nazo kabla ya siku yenyewe," akasema. "Gundi ishike."

Huo ndio uliokuwa uongo.

Siku ya kuandikisha makurutu, vijana walipanda Kwale tangu alfajiri. Chirau alifungua kibanda kama kawaida. Alibandika soli, akapaka rangi, akaswali adhuhuri, akala ugali kwa samaki wa kukaanga bila kujua ladha yake. Hasina, upande wa pili wa barabara, aliunguza mihogo, kitu ambacho wateja wake hawakumbuki kukiona.

Vijana walianza kushuka mchana, wengi wao wamenyamaza. Mwanasha alionekana kwenye mteremko akitembea peke yake. Alikanyaga sawasawa mguu kwa mguu, bila kuchechemea, na Chirau alijua mara moja kwamba kuna kitu, kwa maana mtu mwenye miguu mizima hatembei kwa uangalifu kiasi hicho. Kwenye mkono wake kulikuwa na namba iliyoandikwa kwa kalamu nene.

Hakwenda kwa mama yake. Aliketi kwenye benchi la wateja, akavua raba ya kulia. Soksi ilikuwa imegandamana na kisigino, nyeusi kwa damu.

"Wamenichukua," akasema. "Ningojee kuitwa, niende Eldoret kwenye mafunzo."

Hasina alikuwa ameshavuka barabara. Alisikia, akaona soksi, akabaki amesimama na kijiko cha kugeuzia mihogo mkononi.

"Ilianza kunichoma tulipozunguka uwanja mara ya kwanza," Mwanasha akasema. "Nikafanya ulivyonifundisha. Ilipiga kelele, mimi nikapita." Akaigeuza raba, akaitikisa mbele ya mjomba wake. "Mjomba, huu msumari uliusahau?"

Angesema ndiyo, mambo yangeisha. Fundi yeyote husahau.

"Sikusahau," Chirau akasema.

"Ni mimi niliyemwomba," Hasina akadakia. "Nilaumu mimi."

Mwanasha aliwatazama wote wawili, mama yake kwanza, kisha mjomba. Hakulia, na Hasina, aliyekuwa amejitayarisha kwa kilio, hakujua afanye nini na mikono yake. Binti aliyazuia maumivu uwanjani, na sasa hakuonekana kujua pa kuyafungulia. Chirau aliuona uso ule. Aliutambua. Aliuona kila asubuhi kwenye kipande cha kioo alichonyolea ndevu.

Akachota maji ya ndoo, akapiga goti, akaanza kuilowesha soksi ili itoke bila kuchuna. Alifanya hivyo polepole sana. Mwishowe ikatoka.

"Niitikie, inauma?" akamuuliza.

"Kidogo."

"Useme inauma."

Mwanasha akakitazama kisigino chake. Kisha akasema, "Naskia tu kama ni ya mtu mwingine."

Kitu kikamgusa Chirau ndani. Hakuweza kukipa jina, na kilipita upesi, lakini kilikuwepo.

Wiki za kungoja zilikwenda, kisigino kikapona, mwito ukaja. Asubuhi ya safari walikutana uani kwa Hasina huko Waa. Dua ilikuwa imesomwa tangu usiku, kahawa imenywewa, begi lipo mlangoni. Lilibaki jambo moja ambalo maalimu huligeuzia macho pembeni na wazee hawaliachi: mjomba hutia maji mdomoni, akasema moyoni mwake kwamba hana kinyongo na safari, kisha akayapuliza kifuani mwa mtoto. Bila hayo mtoto anaondoka, lakini anaondoka mtupu. Na sharti lake ni moja. Mwenye kinyongo asipulize, kwa sababu maji hubeba kilicho moyoni.

Hasina mwenyewe ndiye aliyeleta kikombe. Alikuwa hajalala, macho yamemvimba.

"Mpe radhi," akamwambia kaka yake. "Mimi yangu nimempa. Nimeshindwa, basi."

Chirau akakipokea. Kwa muda wote ule alijua afanye nini na viatu, na miguu, na hata na kaburi la mama yake. Sasa alitakiwa kuchungulia ndani ya moyo wake na kusema kilichomo. Alichungulia. Palikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Hakukuta kinyongo, lakini baraka nayo hakuikuta, na asingempulizia mtoto yule maji matupu baada ya msumari.

"Sijui kama ninayo, Mwanasha," akasema. "Nisikudanganye mara ya pili."

"Tafuta, mjomba," Mwanasha akasema. "Nitangoja."

Akapiga magoti mchangani mbele yake, akafumba macho, akaishusha leso kidogo chini ya shingo. Chirau akatia funda moja mdomoni, hakulimeza. Barabarani gari lililokuwa likimngoja binti lilipiga honi, likapiga tena, na dereva akauliza kwa sauti kama kuna mtu au hakuna. Hasina alikwenda langoni, akamwinulia kiganja asubiri.

Maji yalikuwa baridi yalipoingia. Yalianza kupata joto taratibu, mashavu yakimtetemeka kwa kuyashikilia, na Mwanasha alikuwa bado amefumba macho.