Kaza, Halafu Rudisha

Kwa miaka minne Veneranda hakuwahi kumwambia mkwe wake neno lililozidi salamu. Si kwa ubaya. Ndivyo alivyolelewa kwao Heru: mama wa binti hamshiki mkwe mkono, hampi kitu mkononi, haketi naye mkeka mmoja, na likiwapo la kusema humtuma binti. Elikana naye, ingawa alizaliwa mjini na alikuwa mwalimu wa hisabati, aliishika adabu hiyo kwa mikono miwili. Akimwona mama mkwe anakuja njia ya sokoni, alivuka barabara akasimama ng'ambo mpaka apite.

Jumamosi hiyo adabu yote ikakutana na gurudumu.

Pikapu ilikuwa ya marehemu Nikodemu, mume wa Veneranda. Alipofariki ilikaa miaka miwili chini ya turubai, pale pale uani kwao, mtaa wa Gungu, hadi mwezi uliopita Veneranda alipoweka ufunguo mezani mbele ya binti yake Wema na kusema, "Gari lisipotembea linakufa. Mpe mwenzako." Sasa mtoto wa Wema na Elikana, Armelle, wa miezi saba, alikuwa anabatizwa Jumapili huko Kasulu kwa wazazi wa Elikana, na walitaka kuondoka Jumamosi saa nane mchana. Siku mbili nyuma gurudumu la mbele kushoto lilianza kuvuma, kwanza kama nyuki wa mbali, kisha kama nyuki aliyeingia sikioni. Elikana akaliinua kwa jeki, akalishika juu na chini, akalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Beringi zimekwisha. Mafundi wa Mwanga wakamwambia alilete Jumanne. Jumanne ubatizo utakuwa umeshapita, kwa hiyo akaenda Ujiji, dukani kwa Nuhu muuza vipuri, akanunua beringi mbili, ya ndani na ya nje, akarudi akitangaza kwamba ataifanya kazi mwenyewe.

"Umewahi?" Wema akamuuliza.

"Nimeangalia video mara tatu."

"Hata mimi nimeangalia watu wakiogelea."

Veneranda alikuwa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, ungo wa maharage magotini. Alimwona mkwe akilitoa gurudumu, akaifungua breki na kuining'iniza kwa waya, akaing'oa nati ya katikati, na beringi ya nje ikamwangukia mkononi ikiwa imeungua rangi ya buluu. Mpaka hapo alikuwa anakwenda vizuri, tena kwa subira. Vikombe vya zamani, zile pete za chuma ambamo beringi hukaa, alivigonga kwa patasi, huku na huku, vikatoka bila kukwaruza kitu. Vipya akavipigilia kwa kuweka kile kikuukuu juu, nyundo isiguse kipya. Veneranda akaitikia kidogo kwa kichwa. Hata Nikodemu alifanya vivyo hivyo.

Ilipofika zamu ya grisi, Elikana alichota kwa kidole akaipaka beringi kwa nje, taratibu, kama mtu anayepaka mkate siagi.

"Wema," Veneranda akaita, "mwambie mwenzako grisi haipakwi. Inashindiliwa mpaka iingie katikati ya vile vyuma."

Elikana alikuwa hatua nne kutoka pale.

"Baba Armelle, mama anasema..."

"Nimesikia."

"Amesikia, mama."

"Basi mwambie aiweke kiganjani, aibamize beringi pembeni ya kiganja, grisi itokeze upande wa juu."

"Baba Armelle, uiweke..."

"Nimesikia, mke wangu."

Wema akafungua mbeleko, akampandisha mtoto mgongoni, akaikaza. "Nyie mmenifanya mimi mnara wa simu. Naenda Mwanga kuchukua gauni la ubatizo kwa fundi. Mkikwama ongeeni na kuku." Akasimamisha bodaboda, akaenda zake.

Upepo wa ziwani ulikuwa unatikisa kamba ya nguo. Veneranda akageukia kuku mwekundu aliyekuwa anaparua karibu na miguu yake.

"We kuku," akasema kwa sauti ya kutosha, "ile sili, pete ya mpira ya nyuma, isisahaulike. Ikikaa upande upande, grisi yote itamwagikia kwenye breki."

Elikana akaitazama sili, akaitoa, akaipachika upya. Baada ya kitambo naye akakohoa. "Kuku, asante."

Veneranda akainamia ungo ili asionekane anacheka. Akawaza jinsi marehemu angecheka, yeye aliyekuwa akicheka mpaka anashika ubavu. Miaka ishirini na tatu waliifanya kazi hiyo wawili, uani hapo hapo: mume amelala chini ya gari, mke anaosha beringi kwa mafuta ya taa na kuzishindilia grisi, kwa sababu, alisema Nikodemu, kiganja cha anayesonga ugali kinajua kubana. Jioni walinawa kwa sabuni ya mawese mara tatu na bado matandiko yalinuka gereji.

Sauti ya chuma ikamtoa kwenye mawazo. Elikana alikuwa amefika kwenye nati. Aliikaza kwa spana, kisha akachomeka bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu zaidi, akasimama, akalalia kwa uzito wake wote. Nati ikalia *kriii*. Akalalia tena. Akachomeka pini ya kuifungia, akapachika gurudumu, akalitikisa juu na chini.

"Halichezi hata kidogo," akasema peke yake, na furaha ilikuwa wazi sautini.

Akalizungusha kwa mkono. Likaenda nusu duara, likasimama.

Maharage yakabaki mkononi mwa Veneranda. Aliwahi kuliona gurudumu la namna hiyo. Alikuwa na mimba ya Wema, wanatoka Uvinza, na Nikodemu kwa haraka zake aliikaza nati vivyo hivyo. Kwanza ilikuja harufu. Kisha moshi. Kisha gari likainamia kushoto kama mtu aliyevunjika goti, na mbele yao, barabarani, wakaliona gurudumu lao wenyewe linawapita, linakimbia, linaingia kwenye shamba la mihogo. Walikuwa mahali tambarare, ndiyo maana walipona. Njia ya Kasulu si tambarare.

Atangoja Wema arudi? Elikana alikuwa anaokota vyombo. Akamtazama kuku, maana somo alikuwa amelielewa. "Kuku, nikinawa na kupakia mizigo tu naondoka. Namfuata Mama Armelle hapo Mwanga, tunapitiliza."

Veneranda akafungua mdomo amjibu kuku. Lakini ilikuwa aibu kumwambia kuku kwamba mwanao na mjukuu wako watakufa. Na akaona jambo jingine: kijana huyu alikuwa anajivunia kazi yake, ya kwanza kuifanya mbele ya mama mkwe. Kumwambia ameharibu, tena uso kwa uso, kulikuwa kuvunja mambo mawili kwa mpigo.

Akautua ungo chini. Akasimama.

"Baba Armelle."

Elikana akainuka ghafla, kichwa kikagonga ubavu wa bodi. Akashusha macho papo hapo, akayakazia ndala zake.

"Naam, mama."

"Usishushe jeki. Hiyo nati umeiua."

"Video inasema ikazwe mpaka mwisho, mama."

"Video ya gari gani?"

"Gari dogo. La kisasa."

"Beringi za gari hilo sizijui. Za hili nimezishika mara nyingi kuliko nilivyoshika rozari, Mungu anisamehe. Humo ndani ziko mbili zinatazamana. Ukizibana zinatafunana. Zitapata moto kabla hamjafika mbali, na gurudumu litaondoka bila kuwaaga."

Elikana hakubisha. Uso ulimshuka, masikio yakaiva. "Sikujua," akasema. "Nilitaka... basi tu. Sikujua, mama."

"Anayejua ni yule aliyeharibu mara moja. Toa gurudumu, uchomoe pini."

Kazi ile inataka watu wawili. Mmoja anazungusha, mwingine anakaza. Veneranda akafunga kitenge kiunoni, akachuchumaa upande wa nyuma, Elikana upande wa mbele, kile chuma cha katikati kinachobeba gurudumu kiko kati yao kama pazia. Veneranda akakishika kwa mikono yake miwili akaanza kukizungusha.

"Kaza. Kaza bado. Unasikia kinavyokuwa kizito?"

"Nasikia."

"Hapo beringi zimekaa mahali pake. Sasa rudisha."

"Kiasi gani?"

"Mpaka iwe huru kabisa. Usiogope. Weka spana chini. Kaza kwa vidole."

"Kwa vidole tu?"

"Vidole vinasikia. Spana haisikii."

Akakaza kwa vidole. Tundu la pini halikulingana na pengo la nati, lilikosea kidogo tu. Akanyoosha mkono aichukue spana aisogeze mbele.

"Nyuma," Veneranda akasema. "Yasipolingana rudi nyuma, usiende mbele. Bora icheze unywele mmoja kuliko ikose pumzi."

Akairudisha. Pini ikaingia yenyewe. Walipopachika gurudumu, Elikana alilisukuma kwa kidole kimoja, likazunguka, likazunguka, wakabaki wote wawili wanalitazama kama watu walioonyeshwa kitu kigeni. Halikuvuma. Mama mkwe na mkwe walikuwa wameinama bega kwa bega, na walipoligundua hilo kila mmoja akasogea kivyake.

Veneranda alikuwa amerudi kwenye kigoda bodaboda iliposimama nje. Mikono alikuwa ameificha chini ya kitenge, grisi mpaka viwikoni. Wema akaingia na gauni jeupe ndani ya mfuko wa plastiki, mtoto amelala mgongoni.

"Enhe! Limepona?"

"Limepona," akasema Elikana.

"Mama hakukusaidia?"

Elikana aliyatazama maharage, si mwenye maharage. "Mama alikuwa jikoni. Nilikosea mahali, nikarudia mwenyewe."

Ilikuwa heshima, na Veneranda aliitambua. Kijana alikuwa amemsitiri. Kesho watu wa Kasulu wasingesikia kwamba mama wa Wema alichuchumaa na mkwe wake chini ya gari moja. Angeweza kuikubali zawadi hiyo, akaendelea kuchambua maharage yake, na kuanzia Jumatatu Elikana angevuka barabara tena kama kawaida.

Lakini beringi mpya hazikaguliwi mara moja tu. Zikishaanza kazi hujipanga, na aliyezifunga ni lazima azishike tena njiani. Hilo Elikana hakuwa amelijua, na hakuna aliyemwambia.

Wakapakia mizigo. Wema alikuwa ameshashika kitasa cha mlango Veneranda alipokuja mpaka dirishani pa dereva, mikono ikiwa nje, myeusi.

"Baba Armelle, mkifika Kidahwe simama. Weka kiganja katikati ya gurudumu, pale penye kifuniko. Pakiwa na uvuguvugu, nendeni. Pakikuchoma, usisogee hata hatua moja."

Wema akaangalia mikono ya mama yake. Akamwangalia mume wake. "Jikoni, eti?" akasema.

Elikana aliinua uso akamtazama mama mkwe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya mahari.

"Na pakichoma nifanyeje?"

"Unipigie."

Akatoa simu mfukoni, akaibonyeza, akabaki ameishika tu. "Mama," akasema, "namba yako sina."

Veneranda akaanza kumtajia, tarakimu moja moja, na kila moja Elikana aliirudia kwa sauti kabla ya kuiandika.